Macho ya Paka Yasiyopona

Paka ni mnyama ajulikanaye na kila mtu. Hakuna mtoto wa Tarime au wa Serengeti asiyepata kumwona paka amelala juu ya gunia la mahindi, amekunja miguu yake chini ya kifua. Lakini maradhi yake hayajulikani sana. Ng'ombe akitokwa na machozi, mwenyewe humtazama mara moja, maana ng'ombe ni mali. Paka akitokwa na machozi, watu husema, "Ni moshi tu," nao huendelea na shughuli zao. Pengine wasema kweli, kwa kuwa paka hupenda kulala karibu na mafiga, na moshi wa kuni mbichi huwasha macho ya kila kiumbe. Walakini moshi ukiisha, machozi nayo huisha. Yale yasiyoisha yana asili nyingine.

Paka hakuja kukaa na watu kwa ajili ya kupendwa. Alikuja kwa sababu ya nafaka. Zamani sana, watu wa nchi za Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuweka akiba, panya waliifuata akiba ile, na paka wa mwituni wakawafuata panya. Katika kisiwa cha Kupro wachimbuaji walikuta kaburi la mtu, na kando yake paka aliyezikwa miaka kama 9,500 iliyopita. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Yule paka wa mwitu hajatoweka. Kwa Kiswahili huitwa kimburu, naye yumo katika mbuga ya Serengeti hata leo, ana rangi ya kijivu na mistari hafifu, na miguu iliyo mirefu kidogo kuliko ya paka wa nyumbani. Basi kazi ya paka tangu hapo kale ni kulinda kihenge, na mlinzi yeyote hutegemea macho yake.

Na tuseme kwamba kuna nyumba moja karibu na Mugumu, ambamo bibi mzee hukaa pamoja na mjukuu wake aliye darasa la sita. Mwaka mmoja panya walizidi katika ghala yao. Walitoboa magunia ya mahindi, wakaingia hata katika ulezi ambao bibi aliuweka kwa mbegu. Ndipo ndugu yao wa Tarime akawapa paka jike, mwenye umri wa miezi mitatu. Mjukuu akamchukua katika kikapu kilichofunikwa, akasafiri naye kwa gari katika barabara ipitayo Nyamwaga na kuvuka Mto Mara. Paka alilia njia nzima.

Siku chache za kwanza alijificha chini ya kitanda. Siku ya sita akaanza kupiga chafya. Siku ya nane macho yake mawili yalikuwa mekundu, yamevimba, na asubuhi yalikuwa yameshikamana kwa tongotongo hata asiweze kuyafumbua. Majirani walipopata habari, kila mmoja alileta shauri lake. Wa kwanza alisema atiwe maji ya ugoro. Wa pili akaleta utomvu wa mti. Wa tatu alisema, "Mtupeni porini, paka wa namna hii ana mkosi." Bibi alikataa kumtupa, kwa neno moja tu: panya walikuwa wamepungua tangu harufu ya paka iingie nyumbani. Walakini ule utomvu ulitiwa katika jicho la kushoto, na paka alipiga kelele akajikuna kwa makucha yake.

Baada ya majuma mawili ugonjwa ulitulia. Jicho la kulia likawa safi. La kushoto likabaki na chamba kidogo cheupe, mfano wa ukungu juu ya kioo. Wote walidhani mambo yamekwisha. Miezi mitatu ikapita, wakaezua paa la nyumba ili kuweka mabati mapya, pakawa na nyundo na kelele siku nne. Na juma lililofuata macho ya paka yakavimba tena. Akapona. Kisha akazaa watoto watatu, na alipokuwa akiwanyonyesha, ugonjwa ukarudi mara ya tatu.

Mjukuu huyu alikuwa na tabia njema ya kuandika. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake la hesabu aliandika tarehe ya kila ugonjwa, na jambo lililotokea kabla yake. Alipoyatazama maandishi yake aliona jambo la ajabu: ugonjwa haukufuata moshi, wala vumbi, wala mvua. Ulifuata taabu. Safari ya kikapuni, kisha ugonjwa. Nyundo za paa, kisha ugonjwa. Uzazi, kisha ugonjwa. Na kati ya taabu na ugonjwa palikuwa na siku sita, au saba, au kumi.

Ikawa siku moja watu wa kijiji waliitwa walete mbwa na paka wao wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Kazi hiyo ya kuchanja mbwa ilianzishwa katika vijiji vya wilaya ya Serengeti mwaka 1996, nayo imewaokoa watu wengi na maumivu ya kuumwa na mbwa wenye kichaa. Mjukuu alikwenda na kikapu chake na daftari lake.

"Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta mbwa?"

"La, nimeleta paka. Macho yake hupona, kisha huugua tena. Nimeandika siku zote hapa."

Bwana mifugo alisoma ule ukurasa mara mbili. Kisha akasema kwamba aliyeandika vile ameifanya nusu ya kazi ya daktari.

Ugonjwa huo huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Virusi hivyo vya paka vilitambuliwa Marekani, na habari zake zikatangazwa mwaka 1958. Ni vya ukoo mmoja na vile viletavyo vidonda midomoni mwa mtu anapopata homa, tena na vile viletavyo tetekuwanga. Wenye ukoo huu wote wana hila moja. Mgonjwa akipona, wao hawatoki mwilini. Hukimbilia katika fundo la mishipa ya fahamu lililo ndani ya kichwa, nyuma ya jicho, hujificha humo, na damu yenye kupambana na maradhi haiwafikii. Hulala kimya miezi au miaka. Mnyama akipata hofu, au uchovu, au njaa, au akiletewa paka mgeni nyumbani, nguvu za mwili wake hupungua, nao hutoka mafichoni kwa njia ya mishipa ile ile hata machoni na puani. Safari hiyo yao huchukua siku nne mpaka kumi na moja, na ndiyo sababu daftari la mjukuu lilionyesha nafasi ile ya siku chache kila mara.

Kwa hiyo yule aliyesema kwamba paka ana mkosi alikosa, na yule aliyesema kwamba dawa ya mara ya kwanza haikufaa alikosa pia. Paka alipona kweli kila mara, ila hakuwa ameachwa. Paka walio wengi wapatao virusi hivi hubaki navyo maisha yao yote, na wengi wao hawaonyeshi dalili yoyote baada ya ule ugonjwa wa utotoni. Hupata wakiwa wadogo, kwa kulambwa na mama yao au kwa chafya ya paka mwingine. Binadamu hawapati, wala mbwa, wala ng'ombe. Virusi vyenyewe ni dhaifu nje ya mwili: havidumu zaidi ya siku moja hivi, na sabuni huviua.

Hata simba wanavyo. Madaktari waliopima damu ya simba wa Serengeti waliona kwamba karibu wote wamepata kuambukizwa virusi vya namna hii, na hawaonekani kudhurika navyo. Maradhi mengine hayakuwahurumia hivyo: mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia katika mbuga ile, na kama theluthi moja ya simba walikufa. Tangu hapo watu wa mifugo hutazama afya ya mbwa na paka wa vijijini kwa uangalifu zaidi, maana mnyama wa nyumbani na wa porini hupita njia moja usiku.

Si kila jicho baya la paka lina virusi hivi. Kuna vijidudu vingine, wakubwa kuliko virusi, walio jamaa ya wale waletao ugonjwa wa vikope kwa watu. Wale wa vikope vya watu walionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1907, katika kisiwa cha Java, na wataalamu wawili, Halberstädter na Prowazek. Jamaa yao wa paka si yule yule, wala paka haleti vikope. Dalili yake ni hii: huanza jicho moja, ngozi ya ndani ya kope huvimba sana na kuwa nyekundu, na baada ya siku kadhaa jicho la pili hufuata. Paka huyo huhitaji vidonge vya doksisaiklini kwa muda wa majuma manne, wala asiachishwe macho yanapoonekana mazuri katika juma la kwanza. Tena kila kidonge kifuatwe na maji kidogo, maana kikikwama kooni huchoma. Mara chache sana vijidudu hawa huweza kumpata mtu; kwa hiyo amwangaliaye paka na anawe mikono kwa sabuni, asiguse macho yake mwenyewe kabla ya kunawa.

Wakati wa mavuno liko jambo lingine la kutazamwa. Wanawake wanapopepeta ulezi kwa ungo, makapi huruka, na paka akaaye karibu hupata kapi chini ya kope. Hapo jicho moja tu hutoka machozi, tena kwa ghafula. Vivyo hivyo paka wakipigana, ukucha waweza kukwaruza ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni. Na yuko swila, nyoka atemaye sumu. Paka mwenye ujasiri wa kijinga humchezea nyoka, na akitemewa machoni ni lazima yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu, bila kungoja kutafuta dawa yoyote.

Mtu atajuaje kama jambo ni dogo au kubwa? Na alitazame jicho lenyewe kwa mwanga wa mchana, akiwa ametulia. Machozi maangavu kama maji si ya kutisha kwa siku moja au mbili. Yakiwa mazito, ya rangi ya manjano au ya kijani, ni usaha, na vijidudu vimeingia. Paka akifumba jicho moja daima, au akikimbia mwanga, ana maumivu, hata asipolia. Paka ni mstahimilivu mno, na hilo limewafanya wengi wapofuke kimya kimya. Paka ana kope ya tatu, nyeupe, itokayo pembeni karibu na pua. Kwa kawaida haionekani, lakini jicho likiuma hutokeza na kufunika sehemu ya mboni. Tena mboni za macho mawili hupaswa kuwa sawa, nyembamba kama uzi wakati wa jua kali, pana gizani. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, au jicho likionyesha ukungu, au shimo dogo juu yake, hapo pasipite siku: apelekwe kwa mganga wa mifugo.

Iko hatari moja iliyo mbali na macho. Paka ambaye tabia zake zimebadilika ghafula, atokwaye na mate, aliyekuwa mpole akawa mkali, au aliyekuwa mkali akawa mpole kupita kiasi, asishikwe na mtoto kwa ajili ya kuoshwa macho. Huenda ana kichaa. Amwonaye na awaite wakubwa. Mtu akikwisha kuumwa au kukwaruzwa naye, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa robo saa, kisha aende hospitali siku ile ile.

Bwana mifugo alimwonyesha mjukuu namna ya kuosha. Maji huchemshwa, na katika nusu lita hutiwa chumvi kijiko kidogo cha chai kisichojaa, yakaachwa hata yawe vuguvugu. Paka hufungwa katika kanga kuukuu, miguu yote ndani, kichwa nje. Bila hivyo aoshaye ndiye atakayehitaji dawa. Pamba au kitambaa safi huloweshwa, hubanwa juu ya jicho mpaka tongotongo zilainike, kisha hufutwa polepole kutoka pembe ya ndani kuelekea nje. Zisibanduliwe zikiwa kavu, maana huenda zikang'oka na ngozi. Kila jicho liwe na kitambaa chake, na vitambaa vikiisha kazi vichomwe moto au vichemshwe. Watoto wachanga wa paka hufumbua macho kati ya siku ya saba na ya kumi. Ikiwa macho yamevimba yangali yamefumbwa, kuna usaha nyuma ya kope, nayo hulowekwa na kufutwa taratibu mara nyingi mpaka yafunguke, maana usaha ukibaki humo jicho huharibika kabla halijaona jua.

Kisha hupakwa dawa ya macho ya tetrasaiklini, ile ya asilimia 1 itumiwayo kwa watu wenye vikope. Kiasi cha punje moja ya mchele chatosha, mara tatu au nne kwa siku. Dawa hiyo haiui virusi. Mjukuu aliuliza kwa nini basi itumiwe, na lilikuwa swali zuri. Virusi huchubua jicho, na juu ya mchubuko huo huja vijidudu wengine kama inzi wajavyo juu ya kidonda. Dawa huwazuia hao. Viko vidonge vya kupambana na virusi vyenyewe, ila ni vya bei, na daktari wa mifugo ndiye apimaye kiasi chake.

Mambo mengine yalikatazwa kabisa. Dawa za macho zenye kotisoni zisitumiwe bila amri ya daktari, ijapokuwa huondoa wekundu kwa siku moja, kwa kuwa huwapa virusi nafasi ya kula jicho. Paka asipewe kamwe parasetamoli, hata nusu ya kidonge, hata akiwa na homa: kwake ni sumu, nayo huua. Ugoro, utomvu, mkojo, chai yenye sukari, na maji ya sabuni visiingie katika jicho la kiumbe yeyote. Bibi aliposikia neno la utomvu aliinamisha kichwa, maana sasa alijua chamba kile cha jicho la kushoto kilitoka wapi.

"Nami niliutia kwa mkono wangu," akasema.

"Ulitaka kumsaidia, mama," bwana mifugo akajibu, wala hakuongeza neno.

Ipo chanjo kwa ajili ya virusi hivi, nayo hupatikana kwa madaktari wa mifugo katika miji mikubwa. Hutolewa kwa watoto wa paka tangu umri wa majuma manane hivi. Haizuii kuambukizwa kabisa, bali huufanya ugonjwa kuwa mwepesi. Kwa paka aliyekwisha kuwa navyo, dawa iliyo kubwa ni utulivu. Awe na mahali pake pa juu, pasipofikiwa na mbwa wala watoto wadogo, mbali na moshi wa mafiga. Apewe chakula chake mwenyewe. Watu wengi husema paka mwenye njaa huwinda vizuri, lakini hilo ni kosa, kwa kuwa paka mwenye njaa huenda mbali, hupigana, huugua, na ghala hubaki bila mlinzi. Dagaa wa ziwani na maziwa kidogo juu ya ugali vyamtosha kuongezea panya awapatao. Ikiwa kuna jambo la kelele litakalokuja, kama ujenzi au arusi, ahamishiwe chumba kimoja chenye kimya kabla halijaanza.

Mjukuu alitengeneza kitanda cha gunia juu ya dari ya ghala. Aliendelea kuandika katika daftari. Ugonjwa ulirudi mara moja tu mwaka uliofuata, siku tisa baada ya mbwa wa jirani kumfukuza paka mpaka juu ya mti, na kwa kuwa maji ya chumvi yaliandaliwa siku ile ile ya chafya ya kwanza, ulikwisha katika siku tano. Watoto watatu wa paka waligawiwa kwa nyumba tatu, na kila aliyepewa aliambiwa habari ya mama yao, asije akashangaa baadaye akatafuta ugoro.

Jicho la kushoto halikurudi kuwa safi. Kile chamba kiko pale pale, na kwa jicho hilo paka haoni zaidi ya kivuli. Lakini ana masikio, ana masharubu yapimayo kila ufa, na ana jicho la kulia. Usiku bibi humsikia akiruka kutoka juu ya kihenge, kisha kishindo kidogo, kisha kimya. Na asubuhi mkia wa panya hukutwa mlangoni.